Nesi Asiyenukia

Kinyozi hajinyoi, na muuza manukato hajipaki. Hilo la pili wazee hawakulisema, lakini katika duka moja la kona, baina ya duka la vitambaa na la miwani, lilikuwa sheria. Aliyeiweka sheria hiyo ni tajiri mwenye duka, ambaye mwenyewe alikuwa na mafua ya kudumu, ungemwekea samaki aliyeoza chini ya pua angekuambia, "Nahisi kama kuna kitu." Kwa hiyo duka zima lilitegemea pua moja, nayo ilikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini na tisa aliyesimama nyuma ya meza ya kioo kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Watu walimwita Bi Pua. Pua yenyewe ilikuwa ndogo tu, ya kawaida, na wateja wapya waliitazama mara mbili kana kwamba wamepunjwa.

Alhamisi hiyo, saa kumi alasiri, miguu ya Bi Pua ilikuwa inawaka moto. Alikuwa amevua kiatu kimoja chini ya meza, mahali ambapo wateja hawaoni, na anakanyagia kisigino juu ya boksi tupu. Mbele yake alisimama mwalimu wa hesabu, mama mnene mwenye miwani, ameshika vichupa viwili, kimoja kila mkono, anavipima kana kwamba kimoja kina jibu na kingine kina mtego.

"Yote si maua?" mwalimu akauliza. "Sasa mimi nichukue lipi?"

"Unataka la kwendea wapi?"

"Ah, pafyumu nazo zina njia zake?"

"Zina njia zake, mwalimu." Bi Pua akadondosha tone moja moja kwenye vipande viwili vya karatasi, akavipunga hewani, akampa cha kwanza. "Hili waridi ni mtu wa asubuhi. Linaamka na wewe. Ukienda kazini, ukienda kikaoni, ukienda kumjulia hali mgonjwa, haliwezi kukutangulia mlangoni likakuaibisha. Na kipupwe hiki ndio wakati wake, baridi inalituliza. Ila kiangazi usilivae mchana. Jua likilipiga linageuka kama jamu iliyosahauliwa jikoni."

Mwalimu akanusa, akaitikia kwa kichwa kama anayesahihisha daftari na kukuta mwanafunzi amepata.

Kabla ya kutoa karatasi ya pili, Bi Pua alikunja mkono, akaingiza pua yake kwenye kiwiko, upande wa ndani, akavuta pumzi moja ndefu. Ndivyo alivyofanya siku zote baina ya harufu na harufu. Maduka mengine huweka bakuli la kahawa kwa kazi hiyo, lakini yeye alisema kahawa nayo ni harufu, na pua iliyochoka haitaki mgeni mwingine, inataka pa kukaa.

"Unanusa nini hapo?" mwalimu akauliza.

"Sinusi kitu. Ndiyo faida yake. Haya, shika hii. Asumini. Hii mchana inalala. Inataka joto, inataka jioni, inataka ngozi yenye jasho kidogo. Ni ya harusi, ni ya mtu aliyefurahi, au anayetafuta kufurahishwa. Siku ya huzuni usiiguse, itakusemea uongo. Na wakati wa baridi haifunguki hata uibembeleze."

"Na kama mtu hajafurahi wala hana huzuni? Amechoka tu?"

Bi Pua akafikiri. Miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Kama umechoka tu, mwalimu, oga ulale."

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikateleza. Akachukua waridi. Alipokuwa anafungiwa, akauliza lile ambalo wote huuliza: na wewe mwenyewe unatumia lipi? Bi Pua akamjibu alivyowajibu wote, kwamba yeye hatumii. Sabuni yake ya kuogea haikuwa na manukato, mafuta yake ya nywele hayakuwa na manukato, koti lake jeupe la kazi halikuvaliwa nje ya duka, na kila jioni kabla ya kuondoka alinawa mara tatu mpaka juu ya viwiko. Alirudi nyumbani akiwa hana harufu ya kitu chochote, kama glasi iliyosuuzwa.

Mwalimu alipotoka, simu ikatetema mfukoni mwa koti. Ulikuwa ujumbe wa mdogo wake wa kike: "Dada, keshokutwa asubuhi nitafika na gari. Mfungie mama nguo chache tu, zingine tutafuata baadaye."

Bi Pua aliusoma mara mbili, akavaa kiatu chake.

Mama yao alikuwa fundi cherehani, tena fundi wa kweli, wa wale wanaokupima kwa jicho tu unapovuka barabara. Kusahau kulimwanza miaka mitano nyuma. Alisahau kwanza mahali pa mkasi, kisha vipimo, kisha kwamba mume wake amekufa, ikabidi aambiwe upya na alie upya, mpaka Bi Pua akaacha kumwambia. Mwishowe akasahau watoto. Alianza na mkubwa, aliyekuwa naye kila siku. Mtu anayekuamsha, anayekuogesha, anayekutilia vidonge kinywani na kukubadilishia shuka ni nani? Ni nesi. Mama aliufikia uamuzi huo kwa akili zake mwenyewe, na ukiutazama vizuri haukuwa na kosa. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, Bi Pua, mwanawe wa kwanza, akawa nesi.

"Nesi, umekula?" mama alikuwa akimuuliza, kwa adabu ya mtu anayejua kuishi na watumishi. "Usiache kula kwa ajili ya wagonjwa."

Bi Pua aliamka saa kumi alfajiri. Alimnyanyua mama kitandani, mkono wa kushoto chini ya shingo na wa kulia chini ya magoti, akamwogesha, akamvalisha, akamnywesha chai. Saa moja na nusu alimkabidhi kwa jirani wa ghorofa ya chini, akashuka ngazi, akaenda kusimama dukani kwa muda wa saa nane. Jioni akapanda ngazi zilezile, akapokea ripoti ya jirani, akaanza upya. Usiku mama aliita mara tatu, mara nne. Ndoa yake ilikwisha zamani, na mtoto wake mmoja alikuwa na kazi nchi nyingine. Hakuwa na wa kupokezana naye. Kuna siku alisinzia wima dukani, na mteja akadhani anaionja harufu kwa macho yaliyofumba.

Mdogo wake huyo, watu wote walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Alikuwa msimamizi wa hoteli katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari, na alikuja Jumamosi moja kila mwezi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini Kitinda alipokuja mwenyeji aliugua. Maana alikuwa bado yuko kwenye ngazi, hajagonga hata mlango, mama anainua kichwa kitandani, anavuta hewa, uso unafunguka.

"Kitinda wangu amekuja."

Alimjua kwa waridi. Kitinda alikuwa akivaa waridi lile lile tangu wiki ya harusi yake, na aliyemchagulia ni Bi Pua, kwa mikono yake, kwenye meza ile ile ya kioo. Alimwambia, hili ndilo lako, usibadilishe. Mtoto mtiifu hakubadilisha. Kwa hiyo kila mwezi Bi Pua alisimama mlangoni na beseni mkononi, anamtazama mama yake akimpapasa mdogo wake mashavu na kumwita mwanangu. Wivu ulimla, na tusimfichie.

Mwezi uliopita Kitinda alimvuta jikoni. Hakuwa mtu mbaya, yule. Alizungumza kwa sauti yake ya kupokea wageni, laini, isiyokwaruza.

"Dada, umekonda. Ukijitazama kwenye kioo unajiona?"

"Sina muda wa kioo."

"Basi sikiliza. Mimi ana­nijua. Hapa kwako anaishi na mtu asiyemjua, na wewe unakwisha. Kwangu kuna chumba cha chini, hakuna ngazi, kuna watu wa kusaidia. Nikija tena nitakuja na gari. Tutamuuliza mwenyewe. Akisema abaki, abaki. Akisema aje, aje."

Lilikuwa neno la haki. Zaidi ya hapo, kuna sehemu ya moyo wake iliyosikia neno gari ikafurahi. Iliona kitanda, iliona mlango umefungwa, iliona saa kumi alfajiri inapita bila yeye. Kisha akajionea aibu mpaka masikio yakamwasha. Hakutaka kumshinda Kitinda. Alitaka kitu kimoja tu kabla mama hajashushwa zile ngazi: amwite mwanangu, mara moja, akijua anamwita nani. Akiondoka bila hilo, miaka mitatu itakuwa imefanywa na nesi.

Sasa siku ilikuwa keshokutwa. Bi Pua alisimama pale dukani, vile vipande viwili vya karatasi bado viko mezani. Akakiokota cha asumini, na pua yake ikamkumbusha jambo ambalo kichwa kilikuwa kimechoka mno kulikumbuka.

Zamani, kwenye droo ya cherehani ya mama, chini ya vifungo, kulikuwa na kichupa cha mafuta ya asumini. Si kwa matumizi ya kila siku. Siku ya kwanza ya shule, mama alidondosha tone nyuma ya sikio la mwanawe wa kwanza. Siku ya majibu ya mtihani, tone. Siku ya harusi, matone matatu, na mama akasema, "Mwanangu haendi kwa watu kama yatima." Bi Pua akaendelea kujipaka mwenyewe, mpaka siku alipoajiriwa hapa, akiwa na miaka ishirini na saba, na tajiri akamwambia kaoge uitoe hiyo, hapa kazini watu wananusa chupa, hawakunusi wewe. Akaenda akaoga. Tangu siku hiyo mama yake hakumsikia tena harufu.

Basi akakata shauri. Mama hakunisahau, alijiambia. Amepotewa na harufu yangu tu. Ilikuwa fikra ya muuza manukato hasa. Mtu mwingine asingewaza kwamba binadamu ni kama kichupa, na lebo ikibanduka unabandika nyingine.

Alimwendea tajiri nyuma ya pazia, akamwomba kile kichupa cha asumini cha kuonjeshea wateja.

"Asumini?" tajiri akasema, akipenga kamasi. "Kipupwe hiki?"

"Najua."

"Wewe umewakataza watu wa mji mzima."

"Najua, tajiri."

"Una sherehe gani?"

"Mdogo wangu anakuja kumchukua mama. Nataka mama anijue kabla hajaondoka."

Tajiri aliacha leso usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akampa kichupa, akampa na Jumamosi nzima. "Lakini Jumatatu uje umeoga," akasema, kwa sababu tajiri ni tajiri.

Jumamosi baridi ilikuwa kali, vioo vya dirisha vimefanya ukungu. Bi Pua alioga mapema, akajifuta, akajipaka asumini kama alivyowafundisha wateja wa msimu mbaya: si juu ya nguo, bali pale damu inapopita karibu, nyuma ya masikio, kwenye vifundo vya mikono, na kwenye mikunjo ya viwiko ili mwili uipashe moto. Akanusa. Ilikuwa imelala, haikutaka kuamka, lakini ilikuwepo. Akavaa gauni zuri. Moyo ulimdunda kama wa msichana anayekwenda kusoma jina lake kwenye ubao.

Akaingia chumbani kwa mama. "Umeamkaje, mama?"

Mama aligeuza kichwa. Pua yake ikacheza. Akamtazama Bi Pua kuanzia juu mpaka chini, akatazama na mshono wa gauni, kwa kuwa ufundi haukuwahi kumtoka.

"Sijambo. Karibu," mama akasema. "Samahani, umenikuta sijavaa."

"Mama, ni mimi."

"Karibu, karibu. Kaa kwenye kiti. Nesi anakuja sasa hivi, atakuletea chai."

Bi Pua akasogea, akapiga magoti, akampelekea kifundo cha mkono karibu na uso. "Nusa, mama. Hukumbuki? Ya kwenye droo, chini ya vifungo. Ulikuwa unanipaka."

Mama alinusa kwa heshima, kama mtu aliyekaribishwa chakula akiwa ameshiba. "Nzuri," akasema. "Ya harusi. Nani anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa."

"Basi mbona umejipaka?"

Bi Pua akafanya anachojua kufanya: akaingiza mkono wa kushoto chini ya shingo ya mama amnyanyue. Mama akakakamaa mwili mzima. Akashika ubao wa kitanda kwa mkono wake wenye mishipa, akageuza uso ukutani.

"Hapana, mama yangu, niache. Mimi sishikwi na wageni. Niitie nesi."

"Mimi ndiye nesi."

"Siye. Nesi hanukii." Akaukaza mkono ubaoni. "Niitie nesi wangu. Leo amechelewa. Hajawahi kuchelewa."

Akiwa bado amepiga magoti pale, mlango wa nje ukagongwa, na mama akainua kichwa kutoka ukutani. "Kitinda wangu amekuja," akasema, na machozi yapo machoni.

Kitinda aliingia na koti zito na waridi lake, baridi ya nje imelituliza, liko sawasawa kabisa, kama Bi Pua alivyoliahidi miaka yote. Akamkumbatia mama, akamtuliza kwa maneno. Akamtazama dada yake, akanusa, akashangaa. Wakazungumza mama na mwana juu ya barabara, juu ya wajukuu, juu ya kitambaa cha koti. Kisha Kitinda akamshika mama mkono.

"Mama, leo nimekuja na gari. Unataka twende ukakae kwangu?"

Bi Pua alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Aliushika ubao.

"Kwenda nitakwenda," mama akasema. "Kwako si kwa mwanangu?"

Basi limekwisha, Bi Pua akawaza. Hakujua kama kilichomwingia ni huzuni au ni ule uchovu uliosikia kwamba sasa umeruhusiwa.

"Haya, simama nikuvalishe," Kitinda akasema, akainama, akamzungushia mikono. Mama akakakamaa tena vilevile. Akamsukuma kifuani, taratibu.

"Hapana. Wewe mwanangu ni wa kukaa kwenye kiti tuzungumze. Wa kuninyanyua ni nesi. Mwambieni aje."

"Mama, mimi naweza."

"Mwambieni aje," mama akasema, na sasa alikuwa analia hasa, kama mtoto aliyeachwa shuleni. "Nani kamfukuza? Nani kamfukuza nesi wangu?"

Kitinda akamgeukia dada yake, uso umemsawijika. Bi Pua alikuwa ameshatoka.

Aliingia bafuni, akafungua maji ya moto, akavua gauni zuri. Na asumini, iliyokataa kufunguka asubuhi nzima alipoihitaji, ilipopata yale maji ya moto ikafunguka. Ikajaa bafu. Siku ya kwanza ya shule ilikuwamo, na ubao wa majibu ya mtihani, na sauti ya cherehani chumba cha pili, na kidole cha mama nyuma ya sikio. Bi Pua alikaa kwenye ukingo wa hodhi la kuogea akalia kwa sauti, maji yakimficha. Mtu pekee aliyekuwa amemkumbuka msichana yule alikuwa yeye mwenyewe.

Kisha akachukua ile sabuni yake isiyo na manukato. Akajisugua nyuma ya masikio, vifundo vya mikono, viwiko, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kwa sheria ya tajiri. Akakunja mkono, akaingiza pua. Hapakuwa na kitu. Akavaa gauni lake kuukuu la kila siku, akarudi.

Mama alimwona, akaachia ubao wa kitanda.

"Umechelewa," akasema.

"Nisamehe."

"Kuna mwanamke alikuja hapa amejipaka marashi ya harusi, akataka kuninyanyua. Nikamwambia akuite."

"Aliniita."

Bi Pua akaingiza mkono wa kushoto chini ya shingo, wa kulia chini ya magoti. Mama akalegea, akageuza uso, akaingiza pua yake kwenye mkunjo wa kiwiko cha mwanawe, upande wa ndani, akavuta pumzi ndefu, akatulia. Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka mitatu, na Bi Pua, mwenye pua ya mji mzima, hakuwa ameliona. Siku zote alikuwa anawahi kazini.

Alimketisha, akaanza kumfunga vifungo. Kitinda alikuwa amesogea mpaka mlangoni.

"Nesi," mama akasema, akimtazama karibu. "Wewe huna mama?"

Vidole vya Bi Pua vikasimama kwenye kifungo cha tatu. "Ninaye."

"Mzima?"

"Mzima. Anaumwa kidogo."

"Sasa mbona huendi kwake? Kila siku, kila saa uko hapa na mimi. Siku moja utamkuta hayupo." Mama alikunja uso, anamhurumia kweli. "Anakujua, huyo mama yako?"

Bi Pua akafunga kifungo cha tatu, akafunga cha nne.

"Ananijua," akasema.

"Basi ana bahati. Mimi mwanangu wa kwanza sijui alikokwenda."

Mlangoni hapakuwa na mtu tena. Maji yalifunguliwa bafuni, yakatiririka muda mrefu. Kitinda alipotoka alikuwa amevaa gauni jingine kuukuu la dada yake, limempwaya mabegani, nywele zimelowa, macho mekundu, na ile sabuni mkononi. Hakuwa na waridi hata chembe.

"Nionyeshe unavyomshika," akamwambia dada yake jikoni.

"Wa kushoto chini ya shingo. Kiwiko kiwe karibu na uso wake. Halafu mwache, atajituliza mwenyewe." Bi Pua akamtazama. "Lakini hivyo ulivyo hatakujua."

"Nimelijua hilo kabla sijafungua maji. Nimepiga simu kazini, nimeomba wiki mbili. Hilo gari dereva atalirudisha tupu. Nenda kalale, dada."

"Saa tano hii asubuhi?"

"Saa tano hii."

Bi Pua alikwenda chumbani kwake, akajitupa kitandani na gauni lake. Mwanga ulikuwa mwingi dirishani, barabarani mtu alikuwa anapigilia misumari. Alijua kwamba hajapewa alichokuwa anakitaka na kwamba huenda hatapewa kamwe, na lilimuuma, lakini mwili haukungoja amalize kuumia. Usingizi ulikuwa umeshamfika miguuni. Upande wa pili wa ukuta akasikia kitanda cha mama kinalia, kisha sauti ya mama.

"Wewe nani?"

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Mimi nesi wa zamu, mama," Kitinda akasema.

"Afadhali," mama akasema. "Mwenzio amechoka sana."

Bi Pua alilisikia, akavuta shuka, akajifunika.